Gari la Zamani Chini ya Mwembe: Lifufuliwe au Liuzwe Chuma Chakavu?

Kwetu Kiloleli na katika vijiji vingine vya Simiyu si ajabu kuona gari la zamani limelala chini ya mti. Matairi yamezama udongoni, kuku wametaga juu ya kiti cha nyuma, na watoto wanashika usukani na kunguruma kwa midomo. Pengine ni Peugeot ya marehemu babu. Pengine ni ile Datsun ya milango miwili, ya mwendo wa kasi, ambayo kijana wa zamani aliinunua kwa fedha za pamba, na kila alipopita watu walisimama kutazama vumbi lake.

Siku moja anakuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Hapo nyumba hugawanyika. Baba anasema, “Hili ni ukumbusho wa wazee, nitalifufua.” Mama anajibu, “Baba watoto, litakula ng’ombe wangapi kabla halijanguruma?” Wote wawili wana haki. Gari likifufuliwa vizuri ni mali, na pia ni shule kwa vijana. Likifufuliwa ovyo humeza fedha za ada, tena laweza kuua. Basi tutazame jambo hili kwa utaratibu, ili uamuzi utoke katika maarifa, usitoke katika hasira wala katika majivuno.

GARI KUUKUU LILILOSHINDA MAPYA

Wengi hudhani gari lililokwisha kutumika halina heshima tena. Wasikilize habari hii.

Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwisho wa Mei 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo la kwanza la waanzilishi lilikuwa kulizunguka Ziwa Viktoria. Wazo hilo liliachwa kwa sababu barabara za upande wetu, kati ya Musoma na Mwanza, hazikupitika wakati wa mvua. Anayeujua udongo mweusi wa mbuga zetu hatashangaa.

Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh, fundi makanika aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, akiwa pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, lenye umbo la mviringo kama kobe. Umbo hilo lilianza kuonyeshwa kwa watu mwaka 1944, kwa hiyo lilikuwa limekwisha kuwa la kizamani. Tena gari lenyewe halikuwa jipya. Tom Trana wa Sweden alikuwa ameliendesha katika Safari ya mwaka uliotangulia, na lilipobaki Kenya Joginder alilichukua, wakalitengeneza wenyewe, yeye na nduguye. Waliwaacha nyuma wenye magari mapya kwa zaidi ya saa moja. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, safari hizo kwa Mitsubishi. Katika maisha yake aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Watu walimwita Simba. Alifariki mwaka 2013.

Habari nyingine inafanana na hiyo. Datsun 240Z, gari la michezo la silinda sita, lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lile gari la 1971 lilirudishwa Japani, likakaa miaka mingi bila kutembea. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan, kwa muda wao wa mapumziko, walilifungua lote, wakalisafisha, wakalirudisha barabarani. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano ya magari ya zamani peke yake yanayopita katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, umri wa gari haulizuii kwenda. Kinacholizuia ni kutotunzwa. Pili, watu hawa hawakuwa wachawi. Walikuwa na subira, na walifuata mpango. Sisi nasi tuufuate.

KABLA YA SPANA, KALAMU

Kosa kubwa la anayeanza ni kukimbilia kuliwasha. Analeta betri, anamwaga petroli mpya juu ya ile iliyooza, anazungusha ufunguo. Na kwa dakika moja anaharibu mashine iliyokuwa nzima. Kutu iliyoshika pistoni huzichana silinda, na oili iliyoganda haifiki inakotakiwa.

Chukua daftari la mtoto wa shule. Lizunguke gari polepole. Andika kila kilichopotea, kila kilichooza, kila kilicho kizima. Fungua boneti kwa fimbo ndefu kabla ya kutia mkono, maana nyoka na nyigu hupenda mahali pa giza. Panya nao hutafuna nyaya. Fuata kila waya kwa macho toka mwanzo hata mwisho.

Unapofungua kitu, chora picha yake kwanza, au ipige kwa simu kama unayo. Nati na bolti za sehemu moja zitie katika kopo moja, uandike jina juu yake. Usiitupe nati hata moja, hata iliyoliwa na kutu, kwa kuwa ndiyo utakayoipeleka dukani kulinganisha. Vijana wengi wamefungua gari kwa siku mbili wakashindwa kulifunga kwa miaka miwili, na sababu ni makopo haya tu.

MAMBO YANAYOUA

Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini, na watoto wakae mbali.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Chagua ardhi ngumu na sawa, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, kisha weka magogo mapana na imara chini ya gari. Matofali ya udongo hayafai, yanapasuka ghafula. Lisukume gari kwa nguvu kabla ya kuingia, likitikisika, usiingie.

Petroli haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutambaa chini hata jikoni. Usioshe vyuma kwa petroli karibu na moto, wala usivute sigara. Tangi la petroli lisichomelewe hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu.

Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka, na maji yake ni tindikali inayounguza macho. Iondoe garini kabla ya kazi, ukianza na ule waya uliofungwa kwenye bodi.

Vumbi la breki za zamani lina asbesto, kitu kinachoharibu mapafu polepole bila maumivu ya kwanza. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, ukifukie kitambaa hicho mbali na watoto.

MASHINE YATAKA MAMBO MATATU

Mashine ya petroli, iwe ya Datsun au ya Volvo, yataka mambo matatu: mkandamizo, cheche ya moto, na petroli iliyochanganyika na hewa. Kila kimoja kije kwa wakati wake. Ikikataa kuwaka, kimoja kimekosekana. Usibahatishe, kichunguze kimoja baada ya kingine.

Mkandamizo. Toa plagi zote. Mimina oili safi kidogo, kijiko kimoja au viwili, katika kila silinda, uache ilale usiku mmoja au zaidi. Kisha zungusha mashine kwa mkono, kwa spana kubwa juu ya puli ya chini mbele ya mashine. Ikigoma, usiilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, ungoje tena. Ikizunguka kwa urahisi, mwaga oili ya zamani na kuitazama. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Pengine gasketi ya kichwa cha silinda imepasuka. Tia oili mpya na filta mpya. Ukirudisha plagi na kuzungusha, utaona kila silinda inaupinga mkono wako. Silinda isiyopinga ni mgonjwa. Itilie oili kidogo ujaribu tena: upinzani ukirudi, ringi za pistoni zimechoka, usiporudi, tazama valvu.

Cheche. Betri ya volti 12 iliyojaa ina volti 12.6 hivi, ikiwa na 12 tu, imekaribia kwisha. Magari mengine ya zamani sana yana betri ya volti 6, basi soma kwanza. Chukua plagi moja, ifunge kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha mashine mbali na petroli, umwambie mwenzako azungushe stata. Ukiona cheche ya buluu iliyo kali, vema. Ukikosa, fungua kifuniko cha distribyuta utazame platini. Gari lililolala huota kutu nyeupe juu yake, na kutu hiyo huzuia umeme. Zisugue kwa tupa ndogo au msasa laini, uzifute, upime nafasi yake. Kwa magari mengi ni karibu nusu milimita, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Platini zikiungua upesi tena, kondensa imekufa. Angalia pia nyaya za plagi zisichanganywe: kwa mashine nyingi za silinda nne mpangilio ni 1, 3, 4, 2; kwa silinda sita za mstari, kama ile 240Z, ni 1, 5, 3, 6, 2, 4.

Petroli. Petroli iliyolala miaka hugeuka gundi yenye harufu mbaya. Mwaga yote, mahali pasipo moto. Lishushe tangi, tia kokoto safi au nati ndogo na maji ya sabuni, ulitikise hata kutu itoke; suuza mara nyingi, ukaushe juani. Mipira yote ya petroli ibadilishwe bila huruma, kwa sababu mpira mkavu ukipasuka juu ya mashine ya moto huteketeza gari zima. Kabureta ifunguliwe, visima na vijitundu vyake vioshwe na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Kamwe usichokoe vijitundu hivyo kwa waya. Vimepimwa kwa uangalifu mkubwa; ukivipanua kidogo tu gari litakunywa petroli kama ng’ombe wa kiangazi anavyokunywa maji.

DALILI NA SABABU ZAKE

Gari likishaanza kuwaka, ndipo ugonjwa wake huonekana. Hizi ni dalili za kawaida:

Moshi wa buluu: oili inaungua ndani. Tazama ringi na valvu.

Moshi mweusi: petroli ni nyingi kuliko hewa. Tazama chujio la hewa lililojaa vumbi, au kabureta.

Moshi mweupe mzito usiokoma hata mashine ikipata moto: maji yanaingia katika silinda.

Linakwenda kilometa chache kisha linakufa, likipumzika linawaka tena: legeza kifuniko cha tangi la petroli. Kifuniko kina tundu dogo la kupumulia, na vumbi au vidudu huliziba. Kama si hilo, koili au kondensa inakataa ikipata joto.

Mashine inachemka: osha rejeta. Huku kwetu mbegu za majani na nyuzi za pamba hujaa katikati ya mapezi yake. Pitisha maji toka upande wa mashine kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Ndani tia maji ya mvua, yasiyo ya chumvi kama ya visima vingi. Wala usifungue kifuniko mashine ikiwa ya moto. Maji yatakuchubua uso.

Plagi nazo husema. Ukiitoa plagi ukaikuta ina rangi ya kahawia hafifu, mashine ni nzima. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Nyeusi yenye oili, ringi au valvu. Nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi au joto limezidi.

Fundi mzuri hutazama dalili kwanza, kisha hununua kipuri. Fundi mbaya hununua vipuri hata atakapobahatika. Fedha zinazopotea ni za mwenye gari.

KUSIMAMA KUNATANGULIA KWENDA

Kijana anayefufua gari la mbio huota mngurumo wake. Mkumbushe kwamba gari lisilowaka halijaua mtu barabarani. Lililoua ni lile lililokataa kusimama.

Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani mwaka hata mwaka, na maji hayo hula silinda za breki kwa ndani. Basi fungua silinda zote, ile kuu na za magurudumuni. Zenye mashimo ya kutu zibadilishwe, na raba zote ziwe mpya. Tazama pia mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari. Usithubutu kutia oili ya mashine mahali pa mafuta ya breki. Raba huvimba na breki hushika au kupotea kabisa.

Tairi laweza kuonekana zima, meno yake yakiwa marefu, nalo limekwisha kufa. Pembeni mwake tafuta tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye tarakimu tatu tu limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hilo likafanyiwe sufuria ya maua au kamba za kufungia, lisirudi barabarani.

KUTU NA RANGI

Land Rover ya zamani ina chesisi peke yake na bodi juu yake. Lakini Volvo PV544, Peugeot 404 na Datsun 240Z hazina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo sakafu iliyooza si aibu ya sura tu, ni hatari ya uhai. Gonga kwa nyundo ndogo chini ya milango, sakafuni, na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Matope ya mbuga yaliyokaa ndani ya pembe hizo hushika unyevu mwaka mzima, basi yatoe yote kwanza.

Kutu ya juu huondolewa kwa mswaki wa waya na msasa. Iliyotoboa hukatwa, na bati jipya huchomelewa na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Asikudanganye mtu kwa kuziba tundu kwa pati na kulipaka rangi. Ni kaburi lililopakwa chokaa. Kisha tia rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya mwisho. Kazi hii ifanywe kiangazi, asubuhi kabla upepo haujaamka, na uwanja unyunyiziwe maji ili vumbi litulie.

PETROLI YA SIKU HIZI

Jambo moja wazee hawakulijua. Toka miaka ya 1920 petroli ilitiwa risasi, ile madini ya sumu, ili mashine isigonge. Risasi hiyo ilikuwa pia kama mto wa kulainisha mahali valvu zinapokalia. Lakini ilipotoka katika ekzosi ilidhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Ni baraka kubwa kwa watoto wetu. Ila mashine nyingine za zamani, zenye viti laini vya valvu, huweza kuchakaa zikikimbizwa sana kwa petroli mpya. Dawa ni kwenda kwa kiasi na kupima nafasi za valvu mara kwa mara. Siku kichwa cha silinda kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine, fundi wa karakana kubwa atie viti vigumu.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa turudi kwa baba na mama na mnunuzi wa chuma. Kaeni pamoja na lile daftari. Kama sakafu na nguzo za bodi zimeoza kabisa, na mashine imepasuka, uzeni bila kulia. Toeni tu vilivyo vizima, maana mwingine anavitafuta. Kama bodi ni nzima na mashine inazunguka kwa mkono, mna msingi wa kujengea. Na kama ni gari la namna isiyopatikana tena, kama zile Datsun za milango miwili, ulizeni kwanza wajuao bei yake. Mwenye mizani hupima kilo tu, na chuma cha kilo chache huweza kuwa na thamani ya zizi.

Mkiamua kulifufua, wekeni sheria tatu. Kwanza, fedha za ada, chakula na dawa zisiguswe hata kwa siku moja. Pili, matumizi yafuate mpangilio: breki, usukani na matairi, kisha mashine, rangi na redio mwisho. Wengi hupindua mpangilio huu, na gari lao hung’aa mtini miaka mingine kumi. Tatu, fanyeni kazi kwa majira. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, miezi ya kiangazi ni yenu. Mvua za kupanda zikianza, lifunikeni gari, mshike jembe.

Na kijana wa nyumbani asiachwe kando. Mpe kopo la nati alitunze, mwonyeshe plagi nyeusi na plagi ya kahawia, mwulize sababu. Kwa vyuma vya babu atajifunza kupima, kusubiri, na kutafuta chanzo cha ubaya kabla ya kulaumu. Hata kama gari halitatembea mwaka huu, mtoto aliyejifunza hayo ana kazi mkononi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye kutaka gari la mvunguni mwa mwembe naye ainame, ila asisahau kuweka magogo kwanza.